Kazi kati ya wengine: sheria inasema nini juu ya ajira ya watu wenye ulemavu

Karibu kila tangazo la kazi linalobandikwa kwenye kuta za makanisa, shule na hospitali zetu hapa mashariki linaomba karatasi zilezile: barua ya kuomba kazi, maelezo ya masomo na kazi za zamani, nakala ya diploma, cheti cha mwenendo mwema, na ile ambayo sote tunaiita kwa Kifaransa "aptitude physique", yaani cheti cha mganga kinachosema kwamba mwili wa mwombaji unaweza kazi. Tumezoea karatasi hiyo hata hatuisomi tena.

Mwaka uliopita dada mmoja wa parokia yetu, anayetembea kwa magongo tangu utoto kwa sababu ya polio, alileta dosie yake kwa kazi ya uhasibu katika biro moja ya kanisa. Diploma ya mahesabu alikuwa nayo. Karatasi zote zilikuwamo isipokuwa hiyo moja: mganga aliyempima aliandika tu kwamba ana ulemavu wa miguu yote miwili, akakataa kuandika kwamba anaweza kazi. Dosie ikawekwa pembeni. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyefikiri kwamba amemkosea mtu. Mwenye kupokea dosie alisema kwa upole kwamba kanisa litamtafutia "kitu kidogo cha kufanya", labda kushona pamoja na wamama wengine walemavu.

Baada ya hapo wasomaji kadhaa walituuliza: je, sheria ya nchi yetu inasema chochote juu ya jambo hili? Inasema, tena inasema mengi kuliko tunavyodhani. Tumejaribu hapa kuyaweka pamoja yale tuliyo na hakika nayo, kwa ajili ya wachungaji, wakurugenzi wa shule, wasimamizi wa hospitali, na kwanza kabisa kwa ajili ya ndugu wenyewe wenye ulemavu wanaobeba diploma zao kutoka biro hadi biro.

Kutoka Katiba ya 2006 hadi sheria ya 2022

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwa kuwa ndiyo mama wa sheria zingine. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki, na ni wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba Serikali inahakikisha mshahara wa haki utakaomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya uchumi. Kifungu cha 13 nacho kinakataza ubaguzi, kikitaja dini, ukoo, hali ya kijamii, makao, maoni, kabila na lugha. Ukipitisha kidole kwenye orodha hizo mbili, neno kwa neno, hutakuta ulemavu.

Uko mbele kidogo, kwenye kifungu cha 49, pamoja na wazee. Pale Katiba inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia za pekee kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya moyo. Inaongeza kwamba Serikali ina wajibu wa kuona watu wenye ulemavu wanakuwamo katika taasisi za nchi, za jimbo na za mahali. Mwishoni inasema sheria organiki ndiyo itakayoonyesha jinsi ya kutimiza hayo.

Sheria hiyo ilingojewa miaka 16. Katikati ya kungoja, nchi ilijiunga tarehe 30 Septemba 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ule uliopitishwa New York tarehe 13 Desemba 2006. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kifungu cha 215 cha Katiba kinaipa mikataba ya kimataifa iliyokubaliwa na kutangazwa nguvu iliyo juu ya sheria za kawaida. Mwaka 2019 ikawekwa wizara ya kuwashughulikia watu wanaoishi na ulemavu na wanyonge wengine, ikakabidhiwa wakili Irène Esambo. Ndipo tarehe 3 Mei 2022 Rais alipotia mkono kwenye sheria organiki nambari 22/003 inayolinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Tarehe 3 Mei ndiyo siku ambayo Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kutumika duniani, mwaka 2008. Kama ni kwa kusudi au kwa bahati, walioitia sahihi ndio wanaojua.

Tuseme neno juu ya maneno. Sheria inasema "mtu anayeishi na ulemavu". Sisi mitaani tunasema kilema, kipofu, kiziwi, bubu. Wazee wa lugha watatuambia kwamba maneno hayo si matusi, na ni kweli kwamba wengi wanaoyatumia hawana ubaya moyoni. Lakini angalia kwamba kilema, kipofu na kiziwi yote yameketi katika ngeli moja na kiti, kisu na kikapu. Mtu anayeitwa hivyo tangu utoto husikia. Kuanza na neno "mtu" hakugharimu kitu.

Mkataba unaitaka kazi ya namna gani

Habari ya kazi iko kwenye kifungu cha 27 cha Mkataba. Ni kirefu, na kila sehemu yake ina maana kwetu, lakini kiini ni hiki: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata riziki kwa kazi aliyoichagua au kuikubali mwenyewe, katika soko la kazi na mahali pa kazi palipo wazi kwa wote, panapompokea kila mtu na panapofikika.

Ona kwamba kifungu hakisemi tu "apewe kazi". Kinasema ni kazi ya wapi na kati ya nani. Mtu anaweza kuwa na shughuli kutoka asubuhi hadi jioni na bado haki hiyo akawa hajaipata, kama shughuli yenyewe ni ile tuliyomchagulia sisi, pahali pa peke yake, kwa malipo ambayo hatungethubutu kumpa mwingine. Ndiyo maana wanasheria wanaongea juu ya kazi ya pamoja: kazi ya kawaida, kwa mshahara wa kawaida, kando ya wafanyakazi wengine wasio na ulemavu.

Kifungu kinakataza ubaguzi katika kuchagua waombaji, kuwaajiri, kuwaendeleza kazini na kuwapandisha cheo. Kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na haki ya kuingia katika sendika kama wengine. Kinataka Serikali yenyewe iwaajiri. Kinamtaja pia anayepata ulemavu akiwa tayari kazini. Sehemu hiyo tunaipita haraka mno, nasi tunaishi penye vita. Mwalimu aliyepigwa risasi njiani, muuguzi aliyekatwa mguu baada ya bomu, hao hawakuzaliwa hivyo. Mkataba unasema wasaidiwe kubaki kazini au kurudi kazini. Ni mara ngapi tumewaaga kwa maombi na bahasha, kisha tukatangaza nafasi yao?

Kuna pia lile sharti ambalo wanasheria huliita marekebisho yanayofaa. Kifungu cha 2 cha Mkataba kinalieleza: ni mabadiliko ya lazima ambayo mwajiri anayafanya ili mtu huyu, katika hali yake hii, aweze kufanya kazi sawa na wengine, bila kumtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi. Kukataa kuyafanya, kama mzigo haukupita kiasi, Mkataba unahesabu kuwa ni ubaguzi. Maana yake mwajiri anaweza kuwa mbaguzi bila kusema neno baya hata moja, kwa kuacha tu meza, mlango na ratiba vilivyo.

Kwa nini atelie ya peke yao haitoshi

Hapa tunajua kwamba tutawaudhi wengine, na sisi wenyewe tulikuwa kati yao. Makanisa mengi yanaposikia "kazi kwa walemavu" hufikiri mara moja atelie: chumba chenye mashini za kushona, vikapu, sabuni, labda viatu, na watu wenye ulemavu peke yao ndani. Atelie hizo zilizaliwa kwa upendo, wakati ambapo hakuna aliyewapokea popote. Wengi walijifunza kazi humo, na tunamshukuru Mungu.

Lakini mwezi wa 9 mwaka 2022 kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia Mkataba ilitoa maelezo yake juu ya kifungu cha 27, yanayoitwa Maelezo ya Jumla nambari 8, ikasema wazi kwamba kazi ya kutengwa haihesabiwi kuwa hatua ya kutimiza haki ya kazi, na nchi ziiondoe polepole. Ikataja pia alama za kuitambua. Watu wametengwa na soko la kazi la wote. Kazi zimepangwa kufuatana na yale tunayodhani kwamba walemavu wanaweza. Mkazo uko kwenye matibabu kuliko kwenye kazi. Hakuna anayetoka humo kwenda kuajiriwa nje. Malipo si sawa. Mara nyingi hakuna mkataba wa kazi, na kwa hiyo hakuna bima ya uzeeni. Tulipoisoma orodha hiyo tulinyamaza, kwa sababu tuliweza kutaja atelie ambazo zina alama zote hizo.

Kamati haikuhukumu kila kikundi. Ilisema kwamba shughuli zinazoongozwa na kumilikiwa na watu wenye ulemavu wenyewe, hata kwa ushirika, kwa malipo na masharti ya haki, si lazima zihesabiwe kuwa za kutengwa. Kwa hiyo swali la kuuliza katika atelie yoyote ni rahisi: nani mwenye ufunguo, nani mwenye daftari la pesa, na je, mtu anaweza kuondoka kwenda kazi nyingine?

Ugomvi huu umepiganiwa mahakamani kwa muda mrefu zaidi huko Marekani, na historia yao inafundisha, ingawa nchi hiyo haikujiunga na Mkataba. Sheria yao ya mishahara ya mwaka 1938 iliruhusu waajiri kumlipa mtu mwenye ulemavu chini ya mshahara wa chini kabisa, wakipima kasi ya mikono yake. Kwa ruhusa hiyo atelie za peke yao zilienea, nyingi zikiendeshwa na mashirika ya hisani. Mwaka 1990 ikaja sheria kubwa ya kukataza ubaguzi wa ulemavu. Kisha wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, waliokuwa wamezuiliwa hospitalini ingawa waganga wenyewe walikubali kwamba wanaweza kuishi nje, walipeleka kesi yao mbele. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumtenga mtu mwenye ulemavu bila sababu ya lazima ni ubaguzi.

Kesi hiyo ilihusu makao, haikuhusu kazi. Lakini mawakili wakauliza: kama kumtenga mtu anapolala ni ubaguzi, je, kumtenga anapofanya kazi? Mwaka 2012 watu waliokuwa katika atelie za jimbo la Oregon walilishtaki jimbo lao, na mahakama ikakubali kwamba kanuni ile inagusa pia huduma za kazi. Shauri liliisha kwa mapatano ya mwaka 2015: jimbo lilijifunga kuwasaidia watu 1,115 waliokuwa katika atelie wapate kazi za kawaida ndani ya miaka 7. Katika jimbo dogo la Rhode Island wakaguzi wa serikali kuu walikuta mahali ambapo malipo ya wastani yalikuwa dola 2.21 kwa saa, na mtu mmoja akipata senti 14. Mapatano ya tarehe 8 Aprili 2014 yalilifunga jimbo zima kwa miaka 10.

Hatusemi tuige Marekani. Pale kuna basi, kuna ofisi inayomlipa msaidizi wa kumfundisha mtu kazi papo hapo, kuna mahakama iliyo wazi kila siku. Kitu tunachokichukua kwao ni hiki: walioendesha atelie zile hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa watu wa hisani kama sisi, na kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza kwa nini malipo ni senti.

Riziki ya mpakani

Turudi kwetu. Kila aliyepita Goma kwenye mpaka na Gisenyi, pale panapoitwa Petite Barrière, ameziona zile baiskeli kubwa za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, zimebeba mizigo hata mwenye baiskeli haonekani, na vijana wanasukuma nyuma. Biashara hiyo ilikua kwa sababu watu wa forodha waliwaachilia wafanyabiashara wenye ulemavu bila kuwatoza, au waliwatoza kidogo. Wenye maduka wakaona faida, wakawapa mizigo yao. Kinshasa, kwenye kivuko cha kwenda Brazzaville, ilikuwa vilevile kwa miaka mingi: nauli ilipunguzwa, na walemavu wakawa wachukuzi wakubwa wa mtoni.

Tunawaheshimu sana watu hao. Wamejenga nyumba, wamesomesha watoto, wamevunja ile picha ya mlemavu anayekaa mlangoni mwa kanisa na kopo mkononi. Tena wanafanya kazi kati ya wengine, sokoni, barabarani. Kwa upande huo wametangulia mbele ya biro zetu.

Lakini tuone pia udhaifu wake. Msingi wa riziki hiyo ni uvumilivu wa mtu wa forodha. Kiongozi mpya akiamua vingine, mpaka ukifungwa kwa sababu ya ugonjwa au vita, riziki inakatika asubuhi moja, na hakuna mahali pa kushtaki, kwa kuwa kilichoondolewa kilikuwa fadhili. Haki haiondolewi hivyo. Ndugu mmoja wa baiskeli hizo alituambia kitu ambacho hatujakisahau: kwamba mpakani mwili wake una bei, lakini diploma yake ya ufundi wa umeme haijawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja. Wengi wetu tunavijua kwa sababu ya miguu ya bandia, magongo na mazoezi ya mwili, na Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa limevitegemeza kwa kazi hiyo. Mguu wa bandia ni mwanzo mzuri. Kazi inayofuata ni ya waajiri.

Kanisa ni mwajiri

Hatuwezi kuongea juu ya ajira hapa mashariki kana kwamba waajiri ni watu wengine. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi sana zinasimamiwa na sisi. Ongeza hospitali, vituo vya afya, vyuo vikuu, biro za maendeleo, redio. Katika miji na vijiji vingi vya Kivu na Ituri, baada ya Serikali, mwajiri mkubwa ni kanisa. Kwa hiyo sheria inapokataza ubaguzi kazini, inaongea na sisi pia. Hatusimami kando tukiangalia.

Tuanze na cheti cha mganga. Si kibaya chenyewe. Mfanyakazi anapaswa kupimwa ili kazi isimwumize. Ubaya uko kwenye swali tunalomtuma mganga akajibu. Tukimwuliza "je, mwili huu ni mzima?" atasema hapana, na atakuwa amesema kweli. Tukimwuliza "je, mtu huyu anaweza kukaa mezani, kuandika kwenye kompyuta, kuhesabu na kutunza daftari la pesa?" jibu ni lingine kabisa. Njia rahisi ni kumpelekea mganga karatasi yenye orodha ya kazi halisi za nafasi hiyo. Tumeona karatasi moja ya namna hiyo. Haikuzidi mistari 10.

Halafu tangazo lenyewe. Tangazo linalodai "aweze kuendesha pikipiki" kwa kazi ya mtu asiyetoka biroini limewafukuza watu kabla hawajabisha hodi. Tangazo linalobandikwa ukutani tu halimfikii asiyeona, na lile linalosomwa kanisani tu halimfikii asiyesikia. Fanya yote mawili.

Marekebisho yanayofaa, kwa biro zetu maskini, mara nyingi ni madogo kuliko hofu yetu. Huko Goma, ambako viwanja vyenyewe ni mawe ya volkano, mteremko wa simenti mbele ya ngazi mbili ni kazi ya siku moja ya fundi. Darasa la mwalimu anayetumia kiti cha magurudumu linaweza kuhamishiwa chumba cha chini, na wanafunzi ndio wapande na kushuka. Ubao unaweza kushushwa. Mhasibu asiyesikia anaweza kupewa maagizo kwa maandishi, na simu ikapokelewa na mwingine. Leo simu ya kawaida inamsomea asiyeona barua yake kwa sauti. Mtu mwenye kifafa anaweza kupangiwa zamu za mchana. Jambo gumu, tukisema kweli, ni choo. Choo cha shimo chenye mlango mwembamba kimewafukuza watu wengi kazini kuliko ngazi, na hakuna anayekitaja mkutanoni kwa sababu ya haya. Kitajwe.

Kuna mzigo unaopita kiasi, na sheria inalijua hilo. Kituo cha afya cha kijijini hakiwezi kujenga lifti. Lakini mwajiri anayesema "hatuwezi" anapaswa kwanza kuwa amemwuliza mwenyewe anahitaji nini. Tuliposhuhudia maulizo hayo, mara nyingi mtu aliomba kitu cha bei ya mfuko mmoja wa simenti.

Na mafunzo: taasisi ya Serikali ya kufundisha kazi, INPP, ina vituo Bukavu na Goma. Kabla kanisa halijafungua atelie nyingine ya peke yao, lingeweza kulipa masomo ya kijana mwenye ulemavu pale, kati ya vijana wengine, na kumtafutia mwaka wa majaribio katika gereji au duka la mkristo.

Pa kupeleka malalamiko

Aliye na mkataba wa kazi na anadhulumiwa kwa sababu ya ulemavu wake, aanze kwa mkaguzi wa kazi, yule tunayemwita "inspecteur du travail". Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mapatano yajaribiwe kwake kwanza, ndipo shauri lifike mahakama ya kazi. Aende na mkataba wake, karatasi za mshahara na barua yoyote aliyoandikiwa. Aliyekataliwa kabla ya kuajiriwa atunze tangazo, tarehe, na jibu alilopewa. Likiwa la mdomo tu, aliandike siku hiyohiyo na kutaja nani alikuwapo. Anaweza pia kuandikia Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria organiki ya tarehe 21 Machi 2013. Tunajua kwamba katika miaka hii ya vita ofisi si zote zilizo wazi, na pengine mtu hajui agonge mlango upi. Karatasi zitunzwe hata hivyo. Chama cha watu wenye ulemavu cha mtaa wake ndicho rafiki wa kwanza, kwa sababu wao wameshapita njia hiyo.

Kwa mwajiri wa kanisa hatushauri kungoja mkaguzi. Kamati ya parokia inaweza kuitisha dosie zote zilizokataliwa ndani ya mwaka na kuuliza moja moja zilikataliwa kwa nini.

Biro tuliyoanza nayo ilifanya hivyo mwezi wa 3. Dosie ya dada yetu ilirudishwa mezani pamoja na zingine mbili. Mganga ameandikiwa barua yenye orodha ya kazi za mhasibu, na fundi amepima ngazi za mlangoni: ziko tatu. Jibu la mganga bado halijafika tunapoandika haya.